Kufuli la Kisima cha Kabir

Dua yangu baada ya kila sala ilikuwa moja: Mola asinichukue kabla sijajua Suhara atalala wapi nikishaondoka. Kuomba apone kabisa nilikuwa nimeshaacha. Hilo niliomba miaka mingi, Mungu akanipa dawa zinazomtuliza na siku nzuri nyingi kuliko mbaya, nikashukuru.

Suhara ni binti yangu wa kwanza. Alishikwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua. Mtoto hakuishi, na mumewe akampa talaka kabla arubaini haijaisha. Tangu hapo maskani yake ikawa hospitali ya mjini. Madaktari walisema kitambo kwamba anaweza kutoka, lakini atoke aende wapi? Mimi mjane naishi kwa mwanangu Hamsa, nyumba ndogo, watoto wamejaa. Mke wa Hamsa ni mwanamke mwema, ila Suhara akija kututembelea, yeye huwakusanya wanawe wote akawaweka nyuma ya mgongo wake. Simlaumu. Mama ni mama.

Siku moja baada ya mvua kwisha akaja Sarojini, diwani wetu. Alikaa barazani, akasema chai hataki, kisha akanywa vikombe viwili.

"Mama Kadiyumma," akasema, "halmashauri imepitisha jambo. Tunapanga nyumba ya Kabir."

"Ya Kabir wa Dubai? Ile iliyofungwa siku zote?"

"Hiyohiyo. Watakaa wanawake wanne waliotoka hospitali. Kodi tunalipa sisi, mshahara wa msaidizi tunalipa sisi, muuguzi wa kituo cha afya atapita na dawa. Watapika wenyewe, wataishi kama watu wengine. Jina la Suhara nimelitaja."

Nikainuka nikamwekea kikombe cha tatu.

"Ngoja kwanza usinijaze chai," akacheka. "Bado mkutano wa kata. Majirani wakikataa, sina nguvu."

Mkutano ulifanyika katika shule ya msingi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yametufika kidevuni. Sarojini alipomaliza kueleza, akasimama Alavi Haji, ambaye nyumba yake inapakana na ya Kabir. Haji si mtu mbaya. Ni mtu wa kusema kwanza, kufikiri baadaye.

"Diwani, mimi nina swali moja tu. Pale kwa Kabir kuna kisima. Kirefu, kimechimbwa kwenye mwamba mpaka huoni mwisho. Wagonjwa wako wakijitupa mle, nani atawatoa? Wewe?"

Watu wakanong'ona kwamba kweli.

"Haji unatakaje?" akauliza Sarojini.

"Kifunikwe kwa wavu wa chuma. Na kufuli! Na ufunguo usizagae ovyo, ukae ndani ya nyumba, asipewe mtu wa nje."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tena kufuli kubwa."

Mkutano mzima ukapiga makofi. Ukakubaliana pia kwamba nyumba ijaribiwe mpaka mkutano wa baada ya kiangazi, halafu kata iamue kama ibaki au ifungwe. Mimi niliondoka na furaha nusu na hofu nusu. Mtu hawezi kukaa nyumbani kwake kwa majaribio.

Wiki ile ile fundi akaja akachomea wavu wenye bawaba juu ya kisima, akatundika kufuli kama la ghala.

Suhara alihamia na begi moja. Wiki za mwanzo alikaa akiuangalia ukuta, na usiku alilala na kandambili zake chini ya mto, kama alivyozoea hospitalini. Msaidizi wao, Lisi, ni Mkristo wa kutoka milima ya mashariki, mwanamke mpole lakini habembelezi. Alipanga zamu: wa kupika, wa kufagia, wa kununua samaki, wa kushika ufunguo. Nilidhani ufunguo ataushika yeye. Akaniambia, "Mama, nikiushika mimi, hii itakuwa hospitali nyingine." Mwenye zamu huuvaa shingoni kwa kamba. Walikuwa na pampu na mabomba ndani, hivyo ufunguo haukuwa na kazi. Walikuwa wanauvaa tu.

Nilikwenda kila siku baada ya sala ya alasiri. Polepole niliona kandambili zimehama kutoka chini ya mto zikakaa mlangoni. Nikamwona Suhara akigombana na Devaki, mwenzake wa chumba, kuhusu feni. Wengine wangesikitika. Mimi nilishukuru, maana anayegombania feni anadhani chumba ni chake.

Kisha kiangazi kikaja, kikali. Visima vya mtaa wetu vilianza kutoa tope, halafu havikutoa kitu. Lori la maji la halmashauri lilikuja mara mbili kwa wiki, na foleni yake ni vita. Hapo ndipo mtaa mzima ukakumbuka jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka mkutanoni: kila mwaka, visima vyote vikikauka, tulikuwa tunateka kwa Kabir. Nyumba ilikuwa tupu na geti halifungwi, kwa hiyo tulikuwa tunaingia tu. Tumezoea hivyo mpaka tukasahau kwamba yale maji yana mahali yanapotoka.

Siku kadhaa hakuna aliyethubutu. Wanawake walipita pale getini wakitazama wavu, wakaendelea na safari zao. Kisha alasiri moja, nikiwa nimekaa na Suhara barazani, nikamwona Alavi Haji anakuja na mitungi miwili ya plastiki. Mwanamume wa umri wake, kanzu nyeupe, mitungi ya bluu. Alikohoa getini.

"Assalamu alaikum. Msaidizi yupo?"

"Yupo, anafua," Suhara akajibu.

"Mwambie nimekuja. Jambo dogo la ufunguo."

Lisi akapaza sauti kutoka nyuma ya nyumba, "Haji, ufunguo ninao mimi? Zamu ya nani leo?"

"Yangu," akasema Suhara.

Haji akanitazama mimi. Nikatazama shanga za tasbihi yangu. Hilo lilikuwa jambo lao wawili.

"Basi, binti yangu," akasema hatimaye, "ningeomba unifungulie. Mke wangu, Bi Nabisa, ananisema tangu asubuhi. Hata maji ya kutawadha hatuna."

Suhara akamwangalia kutoka kofia mpaka miguu, kwa makini kabisa, bila mzaha wowote usoni.

"Haji, nikifungua hutaanguka?"

"Nianguke?"

"Walisema ni kirefu. Walisema ni hatari kwa watu. Wewe umri umekwenda, na kanzu ni ndefu."

Lisi kule nyuma akaacha kufua. Ndevu za Haji zikaanza kutikisika. Kicheko kikamtoka mpaka akaweka mitungi chini.

"Wallahi, umenipata. Basi niteke vipi?"

"Kaa pale na mama. Nateka mimi."

Akafungua kufuli, akainua wavu, akateka. Kapi lililia kwa kutu. Nilimtazama jinsi anavyoivuta kamba, mkono mmoja baada ya mwingine, kama nilivyomfundisha akiwa msichana. Haji aliketi kando yangu, naye akamtazama.

"Dada Kadiyumma," akasema, "ananikumbusha mama yako akiteka maji."

Kesho yake walikuja wanawake saba, keshokutwa sikuhesabu. Suhara, Devaki na wenzao walipanga saa za kufungua, asubuhi na alasiri, na aliyeruka foleni alirudishwa nyuma hata akiwa mke wa nani. Watu wakaanza kuwaita kwa majina. Kusema kweli nilikuwa na kinyongo kidogo. Kwa nini mwanangu ampe mtu maji kwanza ndipo aonekane ni mtu? Lakini nilimshukuru Mungu na kinyongo changu hichohicho, maana njia anaichagua Yeye.

Zikiwa zimebaki siku chache kufika mkutano, Suhara akaugua. Ilianza kwa kutolala, kisha alasiri moja akalifunga kufuli katikati ya foleni, akapiga kelele kwamba wote ni waongo, wamekuja kumchukua mtoto wake kisimani. Akamwaga ndoo ya mtu. Wanawake wakakimbia na mitungi mitupu. Lisi alimkumbatia pale chini kwenye tope mpaka muuguzi akaja kwa pikipiki. Dawa ikabadilishwa, na Sarojini mwenyewe akalala pale kwenye mkeka ili Lisi apumzike. Hakuna aliyesema arudishwe hospitali. Lakini huko njiani niliyasikia yanayosemwa: "Si tuliwaambia?"

Nilikwenda mkutanoni na tasbihi mkononi. Wale wanne nao walikuja, maana sasa ni wakazi wa kata na wana haki ya kunyoosha mkono. Suhara alikuwa amekonda, amekaa kati ya Lisi na Devaki.

Kijana mmoja anayejenga nyumba za kuuza akasimama. "Juzi mmeona wenyewe. Kiwanja changu nani atanunua? Nyumba ifungwe."

Watu wakageuka kumtazama Alavi Haji. Akanyanyuka kwa taabu kwenye dawati la mtoto.

"Juzi nilikuwepo," akasema. "Ndoo iliyomwagwa ilikuwa yangu. Kanzu yote ililowa. Nimerudi nyumbani, Nabisa akanifungia mlango kwa sababu nimeleta tope badala ya maji, nikakaa nje mpaka magharibi. Sasa mbona sijamleta Nabisa hapa mumfukuze?"

"Ukimleta atakufukuza wewe!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, na shule nzima ikaangua kicheko.

Haji hakucheka. "Mimi nina sukari. Siku ikipanda naanguka, mnanibeba mnanirudisha kwangu. Kwangu, si kwingine. Huyu aliugua kwake, akatibiwa kwake, leo amekuja kwa miguu yake. Nasema nyumba ibaki. Na lile kufuli nililolitaka mimi, litolewe. Naona aibu nikiliona."

Suhara akanyoosha mkono. Sarojini akampa nafasi, na nikamwona anashika ukingo wa dawati.

"Kufuli libaki," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakainama wasikie. "Watoto wanapita pale wakitoka shule. Tutafungua sisi, saa zilezile. Na Haji, ndoo yako samahani."

"Ndoo ni ndoo, binti yangu."

Sarojini akaita mikono. Iliinuka mingi, hata ya mke wa Hamsa, ambaye sikujua kama amekuja. Kijana wa viwanja alikaa na mikono kifuani, haki yake. Sarojini akasema kwa sauti ya kiserikali, lakini macho yake kwangu, kwamba kuanzia mwaka huu nyumba iko katika mpango wa halmashauri kama zahanati na shule, na diwani yeyote atakayekuja baada yake ataikuta. Nilimshika mikono nikaibusu. Akanisuta, "Mama, watu wataona nimekuhonga!"

Nilimsindikiza Suhara mpaka getini. Nilitaka kuingia, nikae naye kidogo, nimtazame.

"Leo hapana, mama," akasema. "Leo zamu yangu ya kupika na mkutano umenichelewesha. Njoo kesho."

Akaingia. Nilimsikia akimwuliza Devaki nani ametumia nazi yote, na Devaki akijibu kwamba si yeye, na Suhara akisema kwamba siku zote si yeye. Nikashusha mtandio wangu vizuri, nikaenda zangu.