Maili za Kwenda Kolombo

Mwaka 1945, vita vilipokwisha, Mwanajuma binti Shaban alikuwa kibarua wa kufyeka majani kwenye kiwanja cha ndege cha Tabora. Alasiri moja alifyeka mpaka akapita mawe yaliyopakwa chokaa mwisho wa kiwanja, akakuta majani ya huko ni mabichi na yamelowa. Alikuwa ameingia kiwanja cha Kolombo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mvua ilikuwa inanyesha. Chini ya turubai, juu ya sanduku la bati, alikaa mwanawe Mfaume, aliyekwenda kupigana Burma, amejifunika blanketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Homa. Tunasubiri meli. Kila tukiuliza tunaambiwa kwetu ni mbali."

Mwanajuma aligeuka. Wenzake walionekana juani, wakinoa mafyekeo. Akamshika mwanawe kiunoni, wakajikongoja hadi kwenye mawe. Hapo walimkuta mzungu msimamizi wa kiwanja cha Tabora, aliyekuja kuona kazi imefikia wapi. Aliitazama mvua ya upande wa pili, kisha akayatazama mabuti ya Mfaume.

"Askari wanarudi kwa meli," alisema.

"Bwana, ni hapa tu. Hospitali ya Kitete ile pale, namfikisha kabla ya magharibi."

"Kwako wewe ni hapa. Kwa serikali ni maili elfu tatu na zaidi."

Mfaume akarudishwa chini ya turubai, na kesho yake aliwekwa polisi kulinda mawe, kwa amri kwamba askari wasivuke. Mwanajuma hakuzuiwa kupita, kwani amri ilitaja askari, haikutaja mama zao. Alivuka na uji, akamkanda mwanawe miguu. Mfaume aliulizia maembe. Akaletewa moja la nyumbani. Akalinusa sana, lakini kula hakuweza.

Wiki hiyohiyo kapteni mmoja, rafiki wa msimamizi, alivuka kutoka Kolombo na mbwa wake. Polisi akampigia saluti. Mwanajuma aliyekuwa anakwenda na bakuli alisogea kando kuwapisha. Mbwa alijikung'uta maji, akatafuta kivuli cha Tabora akalala.

"Na yule amekuja na meli?" Mwanajuma alimuuliza polisi.

"Mama yangu, mimi nimewekwa tu."

Mfaume alifariki kabla ya meli kufika. Mwanajuma aliomba apewe mwili akauzike kwao. Msimamizi alimpa pole, akavua kofia, akasema amri ya askari haiishi kwa kifo. Wenzake Mfaume walimsalia, wakamzika kando ya kiwanja cha Kolombo. Mama yake alisimama mbali kidogo na kaburi, ushungi ukimnata usoni kwa mvua.

Baadaye meli ilikuja, waliobaki wakarudi, na polisi akaendelea kulinda mawe. Alizoea kumpokea Mwanajuma jembe ili avuke vizuri. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri mama huyo alikwenda kupalilia kaburi, maana huko majani huota upesi mno.

Mgeni akibisha mlangoni asimkute, majirani walimvutia kigoda.

"Ngoja kidogo," walimwambia. "Amekwenda kwa mwanawe. Si mbali."