Betri Kubwa ya Mama

Wivu sikuuanza ukubwani. Tangu mdogo wangu wa kike azaliwe, kitinda mimba wetu, mimi ni mtu wa kuangalia nani kapewa nini. Kwa hiyo mama alipoanza kutegemea mashine ya oksijeni, akahamia kwa Kitinda badala ya kwangu mimi mkubwa, roho iliniuma. Nikienda kumwona nilikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

Umeme ulikuwa unakatika ovyo, ikabidi tumnunulie betri ya kubebeka, ile yenye soketi zake. Dukani zilibaki mbili: ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja kama kapu, na kubwa yenye magurudumu. Muuzaji alitueleza kwamba ndogo ingeendesha mashine saa chache tu. Kubwa ingekesha nayo.

Kitinda alitaka kubwa. Mimi nikashikilia ndogo, nikajitia kuzungumzia nafasi, sijui uzito, sijui nini. Kisebusebu na kiroho papo. Ukweli ni kwamba jibetri lile likishafika kwake, mama asingetoka tena pale. Ndogo ningeibeba pamoja na mama, akae kwangu wiki nzima, na majirani waone kwamba hata mimi nina mama.

Kitinda akaniuliza zile saa chache zikiisha itakuwaje. Nikamjibu tutaichaji. Akauliza tutaichaji kwa umeme upi. Muuzaji akajifanya anapangusa kaunta.

Ndipo mdogo wangu akanitazama, nikajua ameshanisoma mpaka chini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Mimi nalala sikio likiwa kwenye ile mashine. Tununue kubwa, uipeleke kwako. Na mama umchukue."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Nilitaka abishe, aning'ang'anie, tugombane kama zamani.

Tukanunua kubwa. Wapagazi wawili waliipandisha ghorofani kwangu wakinilaani kimoyomoyo. Mama akaja, nikamlaza kwenye shuka nilizozipiga pasi mwenyewe. Kitinda alipoaga, mama alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikageukia dirishani. Hata siku ya ushindi wangu wivu haukunipa likizo.

Jioni umeme ukakatika. Betri ikapokea, mashine ikaendelea kuvuma bila kusita. Nilikuwa nimevuta kigoda hadi kitandani, nimejiegemeza kwenye godoro. Mama alizinduka usingizini, akaona giza, akaanza kupapasa ukingo wa kitanda.

"Kitinda wangu, upo?"

Ningeweza kumsahihisha, na kwa tabia yangu ningemsahihisha. Nikaupokea mkono wake.

"Nipo, mama."