Mlolongo wa Walionyamaza

Siku ile hata chakula cha mchana kilinishinda. Kaka yangu Mwambi alinijia asubuhi na ujumbe wa Bwana Righa, mgombea ugavana, aliyetaka niwe mgombea mwenza wake, ili akishinda niwe naibu gavana. Righa huyo ndiye aliyekizungushia ua kisima cha zahanati yetu, akina mama wakawa wanajifungua bila maji. “Dada, naibu husimama nyuma tu,” Mwambi alisema. “Madhambi ni yake.” Sikumjibu. Nilijilaza roho juu juu, na usingizi ukanichukua.

Nikajiona nimeingia mji wa kuta nyeupe na jua lisilosogea, ambako watu walikuwa wakimchagulia mtawala wao, Liwali Tamaa, naibu. Kura zilipigwa kwa mlolongo, kama tulivyofanya zamani, kila mtu akijipanga nyuma ya picha ya amtakaye. Nyuma ya picha ya Uadilifu umati ulipinda hadi nje ya lango. Picha ya pili, ya chaguo la Tamaa mwenyewe, ilikuwa yangu, nikicheka, na nyuma yake walisimama Woga, Sifa na Shibe tu. Nisifiche, nilifurahi kuiona imeinuliwa juu.

Bibi mmoja mwenye mkono mkavu, aliyejiita Insafu, akanishika. “Mwanangu, amshikaye mbuzi miguu hashiki kisu, lakini mbuzi hawezi kumtofautisha na mchinjaji.”

“Mimi sikuomba kugombea, bibi.”

“Wala hukukataa. Basi mwambie mwenye kuhesabu kabla hajamaliza.”

Mwenye kuhesabu alikuwa Hila, akimgusa kila mtu bega kwa fimbo. Aliuhesabu mlolongo wa Uadilifu mpaka sauti ikamkauka, kisha akaja kwetu, akapata watatu. Nikashusha pumzi. Lakini hakukoma. Alipanda barazani, walikokaa maelfu wamejifunika shuka, watu wasiotaka kumuudhi yeyote, akaanza kuwagusa mmoja mmoja. “Huyu kanyamaza, ni wa Tamaa. Na huyu. Na huyu.” Hesabu ikapanda, ikalingana na ya Uadilifu. Mlolongo mrefu wote ukageuka kunitazama, na mbele walikuwa akina mama wenye ndoo tupu. Niliogopa, nikataka kusema, ulimi ukagoma. Fimbo ikatua begani kwangu.

“Na huyu,” akasema Hila. “Tamaa kapata naibu.”

Niliamka nimelowa jasho, na Mwambi anabisha mlango. “Dada, wageni wako uani. Nimeshawaambia umekubali.”

“Nani kakwambia nimekubali?”

“Si ulinyamaza? Kimya si ndiyo ridhaa?”

Hapo nikaelewa kimya changu kilikuwa kimejipanga nyuma ya nani tangu asubuhi. Nilivaa viatu, nikampita mlangoni, nikaenda hadi mbele ya Righa, aliyekuwa ameketi na chai yangu mkononi.

“Hapana,” nikamwambia, na jirani akachungulia juu ya ua. “Na kile kisima ukifungue.”