Mama Mgonjwa wa Radi

Mimi ni kinyozi, Kangemi. Kwa miaka minne niliwasimulia wateja utoto wa Radi, yule shujaa wa gazeti la katuni anayeruka juu ya majumba. Gazeti lenyewe halikuwahi kuugusa utoto wake, kwa hiyo niliubuni mimi. Nikampa mama mgonjwa, na watu wakawa wanarudi kunyolewa kabla nywele hazijaota, ili wajue kama amepona.

Jumamosi moja ya mwaka sabini na nne, Nashon, karani wa mjini, akaja na toleo jipya: utoto wa Radi, kurasa arobaini, zote za rangi. Akalisoma kwa sauti ndani ya kibanda changu, amekalia kiti changu. Mteja mwenye povu shavuni aliniacha akaenda kutazama picha. Humo hamna mama mgonjwa. Kuna baba rubani. Rubani, jamani. Nikabaki nanoa wembe uliokwisha nolewa.

Walipomaliza, mzee Dalmas akaketi nimnyoe.

“Zadock, hii ya Nashon ni tamu sana,” akasema. “Lakini na yako umalizie. Yule mama alipona?”

Nikamwinamisha kichwa.

“Alikufa,” nikasema.