Bahari Nyuma ya Kanisa

Mika alirudi kijijini Igamba kutoka vita vya Bama, kule Asia, akiwa na koti la jeshi na habari ambayo hakuna aliyeiamini. Alisema yeye na askari wenzake walipanda meli Mombasa, wakasafiri siku baada ya siku bila kuona nchi kavu, maji kila upande, na maji yenyewe ya chumvi, hayanyweki.

"Maji yote hayo, na bado mkaona kiu?" bibi yake Marita, mfinyanzi wa vyungu, alimuuliza mbele za watu. "Mjukuu wangu, vita vimekuharibu kichwa."

Watu walicheka, Mika naye akacheka kidogo. Lakini tangu siku ile hakuitaja tena bahari, hata kwa mkewe Priska.

Mwaka 1949 mwalimu Loisi akaanzisha darasa la kina mama pale kanisani. Siku moja walikuwa wakisoma neno "kahawa", Priska akauliza, "Mwalimu, kahawa yetu ikishafika Dar es Salaam inakwenda wapi?"

"Inapakiwa melini, inavuka Bahari ya Hindi kwenda Ulaya."

"Ni pana kama Mto Songwe?"

Loisi alichungulia dirishani, kwenye uwanja wa nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa ameiona kwenye ramani tu. "Wiki ijayo," akasema, "njooni na majembe."

Walichimba nyuma ya kanisa, wakifuata mistari ya ramani aliyoichora Loisi kwa fimbo: Afrika upande huu, Arabuni juu, Bara Hindi likining'inia katikati kama chuchu ya ng'ombe, Australia kule karibu na migomba. Wakamimina maji. Udongo mwekundu ukayanywa yote. Wakachota tena, yakanywewa tena.

Bibi Marita, aliyekuja kutazama na kucheka, alishindwa kuvumilia. "Kazi gani hii?" Akawatuma bondeni kuleta udongo wa mfinyanzi, akapiga magoti, akaisiliba pwani yote ya Afrika kwa viganja vyake, huku akilalamika kwamba Arabuni pana kona nyingi mno.

Safari hii maji yalikaa. Vigelegele vikapigwa. Loisi akaweka buni juu ya kipande cha gome la mgomba, akakisukuma kutoka Dar es Salaam hadi juu, penye mfereji mwembamba.

"Huu ni Suezi. Chai ya Bara Hindi inapita hapa, mafuta ya taa, nguo, na kahawa yenu. Ukizibwa, hata bei za duka la kijiji jirani cha Ruanda zitapanda. Na pepo za bahari hii ndizo zinazowapelekea mvua wakulima wa Bara Hindi, watu wengi kuliko mnavyoweza kufikiri."

Priska hakusubiri zaidi. Alikimbia shambani, akarudi akimvuta Mika kwa mkono.

Mika aliizunguka bahari yote, akifuata pwani. Kisha akaonyesha kwa kidole. "Mombasa hapa. Kisiwa cha Seloni kile pale, chini ya Bara Hindi. Na hapa..." Akaingia majini na viatu vyake. "Hapa katikati ndipo nilipotapika mpaka nikaomba nife."

"Hapo hakuna nchi kavu?" Bibi Marita akauliza.

"Hakuna, bibi."

"Na Tanganyika yetu yote ni ipi?"

Loisi akaifunika kwa kiganja kimoja. Bibi akakitazama kile kiganja, akayatazama maji. Halafu akaenda nyumbani, akarudi na bonge la chumvi ya Ivuna. Akalitupa baharini, akakoroga, akaonja, akatema.

"Kweli hayanyweki! Mjukuu wangu, pole kwa kiu."

Hapo kila mtu alivunjika mbavu, na Mika alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi. Hawakuwaona ng'ombe wa jirani, mzee Raphaeli, waliokuwa wamenusa chumvi. Walipogeuka, ng'ombe walikuwa wamesimama Australia wanainywa bahari, na Bibi Marita akawafukuza kwa jembe akiitetea pwani yake.

Jioni, Mika na Priska walirudi pamoja. Mika alimweleza mkewe habari za samaki wanaoruka juu ya maji, na mawimbi yanayowaka usiku kama makaa.

"Wewe! Samaki wanaruka?"

"Wanaruka, mama. Ngoja nikwambie."

Waliipita njia ya kuingia kwao bila kujua, wakafika karibu na mto wakiwa bado wanaongea.