Masharti ya Jini wa Laban

Laban hakuwa mlevi wala mvivu, ila alikuwa na tabia ya kuondoka bila kuondoka. Mwili ulibaki langoni mwa hoteli aliyoilinda huko Doha, kofia kichwani, na yeye mwenyewe akawa kama mtu anayemtazama mlinzi mwingine kutoka ng'ambo ya barabara. Mikono aliiona kama ya kuazima. Honi, udi wa wageni, redio inayokwaruza, watu watatu wakimuuliza kwa pamoja: vikizidi, kwaheri.

Ijumaa moja mwaka 2014 aliondoka hivyo wakati wa harusi. Kizuizi kilikuwa chini, gari la baba wa bwana harusi likapiga honi mpaka sauti ikakauka, Laban kimya kama nguzo. Maurice, msimamizi wa walinzi kutoka Uganda, akaja mbio akakiinua mwenyewe.

"Ssebo, bwana wangu, ukilala tena na macho wazi, utaenda kulala kwenu. Na tikiti itakuwa ya kwenda tu."

Asubuhi yake, chumbani kwao mtaa wa Najma, Salum akatoa hukumu. Salum alikuwa dereva wa hoteli, mtu wa Unguja. Babu yake alikuwa mganga. Yeye alirithi maneno mengi na chetezo kimoja.

"Humtazami mtu machoni, nguo mpya huvai mpaka ukate lebo, ukipigiwa honi unaganda. Bwana we, una jini."

"Sina."

"Mwenye jini hajui kama analo!"

Akamfunika shuka, akafukiza ubani. Laban alikubali kwa sababu alitaka kubaki Doha. Angeambiwa ameze chetezo, angeuliza tu kama kimepoa.

"Nani wewe uliyekaa humu?" Salum akaunguruma.

"Laban."

"Mjanja! Anatumia jina la mwenye nyumba. Umetoka wapi?"

"Kakamega."

"Lo, jini wa bara! Unataka nini umwachie huyu kiumbe?"

Tangu azaliwe Laban hajaulizwa swali zuri kama hilo, akaona heri kulijibu vizuri.

"Kwanza, toa huu moshi. Usinishike bega ghafla. Redio ipunguzwe sauti. Watu waniambie jambo moja moja. Na nihamishiwe lango la nyuma, yanakopita magari ya mboga."

"Hutaki jogoo mwekundu?"

"Wa kupika?"

Salum akajifuta jasho. Hajawahi kusikia habari za jini asiye na gharama.

Masharti akayapeleka kwa Maurice. Maurice, mlokole, akasema kuogopa majini ni ushenzi. Siku hiyo hiyo akamhamishia Laban lango la nyuma, akaanza kuzungumza naye akiwa mbali kidogo. Wiki zikapita, vitunguu vikaingia, Laban hakuondoka hata mara moja. Hapo dhamiri ikamsumbua Maurice: mlokole mzima anatii jini! Akamtuma Laban kwa daktari ili, kwa jina la Yesu, uwe ugonjwa.

Daktari, mama wa Kisudani, alimhoji kwa utaratibu. Laban akarudi akawaeleza wote wawili pale langoni.

"Amesema nina usonji, nimezaliwa nao. Kule kuondoka ni jambo jingine, akili ikizidiwa inajitenga na mwili. Kwa nje vinafanana, mtu kimya, macho hayapo. Ndiyo maana ni rahisi kuona kimoja ukaacha kutafuta cha pili. Mimi ninavyo vyote viwili."

"Dawa?" Maurice akauliza.

"Kelele zipungue, nisishtuliwe, niambiwe jambo moja moja."

Salum akapiga paja. "Hayo si masharti ya jini?"

"Yalikuwa yangu. Uliuliza nani yumo, nikakwambia Laban."

Maurice akakuna kichwa. Habari za jini angeweza kuzificha. Lakini ugonjwa ulikuwa mambo ya ofisi, na ofisi ilijua dawa moja tu ya mlinzi mgonjwa: uwanja wa ndege.

"Meneja akiniuliza kwa nini uko huku, nisemeje?"

"Sema jini," Salum akanong'ona.

"Hakuna jini," Laban akasema. "Sema tangu nije huku hakuna gari lililokwama."

Maurice akalipima neno hilo. Lilikuwa kweli.

"Lakini mimi mbele ya meneja miguu siisikii, maneno yananikimbia. Na mimi nina usonji?"

"Hapana. Wewe ni mwoga."

Salum akatazama pa kujificha. Maurice akavimba, akapumua, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Haya. Mwoga anakwenda."

Alirudi kabla ya chakula cha mchana, shati limelowa mgongo mzima. Meneja alikuwa ameuliza swali moja tu: kama lango la mbele nalo haliwezi kupatiwa mtu wa namna hiyo.

"Haliwezi, kule kuna honi," Laban akasema.

"Ndivyo nilivyomjibu," akasema Maurice. "Utabaki huku."