Aliyefanana na Kanyange

Wakati wa kiangazi, mwanga huingia mtaani Nyamirambo kama mgeni asiyebisha hodi. Hutua kwanza kwenye mabati, huteremka ukutani, humwagika barabarani, huwasha rangi za vitenge vilivyotundikwa kwenye baraza za mafundi cherehani. Watu hufungua madirisha kuupokea. Mukasine hufunga lake.

Yeye na mwanga ni maadui wa siku nyingi, na katikati yao yuko mtoto.

Mtoto anaitwa Kanyange. Alizaliwa mweupe kama nyange, ndege yule anayesimama kwenye matope ya bondeni bila kuchafuka. Wauguzi walipomtazama wakanyamaza, mama yake, Mukasine, alilitaja jina hilo kwa sauti, upesi upesi, ili liwahi kabla ya majina mengine. Majina mengine yalikuja, maana barabara ina midomo mingi. Lakini lake lilikuwa limeshatangulia.

Tangu siku hiyo Mukasine alishona. Wateja walisubiri magauni yao, yeye alishona kivuli: mikono mirefu, kola za kusimama, kofia za ukingo mpana. Wakitembea, alitembea upande wa jua, asubuhi upande huu, jioni upande ule, akimwangushia mtoto kivuli chake kama shuka. Baba, dereva wa lori, alileta mafuta ya ngozi kutoka Dar es Salaam, akambusu mtoto utosini, akarudi njiani. Yaliyobaki yote yalikuwa ya Mukasine: kupaka, kulinda, kuwajibu watu. Ilikuwa kazi nzito, na hakutaka kuigawa na mtu.

Kanyange alikuwa wake.

Jumamosi moja wanawake wa mtaa walifungua bustani ya maktaba yao ndogo, kule juu kwenye mteremko. Walitandika mikeka. Walifunga kamba kutoka mti hadi mti na kuvianika vitabu kwa vibanio, kama nguo zilizofuliwa. Ilikuwa sherehe ya vitabu vya watoto, ya Jumamosi kadhaa, na watoto waliochorwa humo ni wale ambao vitabu vilizoea kuwasahau. Yuko msichana anayedaka mpira akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Yuko mvulana anayevuka mpaka na kuku wake kwapani, kwa sababu kwao kunawaka moto. Yuko mtoto anayeongea kwa vidole, na nyumba nzima inajifunza vidole ili imsikie.

"Mama, twende," alisema Kanyange.

"Wewe na vitabu?" Mukasine alicheka.

Kwani nani asiyejua kwamba Kanyange hapendi vitabu? Kila alipokishika kimoja, alikileta usoni hadi pua ikagusa karatasi, na kila mara mama yake alimwambia, "Kitoe hapo, utaharibu macho." Mtoto alikiweka chini, akakiacha hapo.

Hata hivyo walikwenda. Na chini ya turubai, kwenye kiti kifupi, aliketi mwanamke akisoma.

Ngozi yake ilikuwa ngozi ya Kanyange. Nywele zake zilikuwa nywele za Kanyange. Hata macho yake, nyuma ya miwani mizito, yalitikisika kidogo kama yanayotafuta mahali pa kutua, na hilo nalo lilikuwa la Kanyange. Mukasine alisimama pale na mfuko wake mkononi, akamwona mwanawe amekuwa mtu mzima bila yeye.

Kanyange aliuachia mkono wa mama. Alipita katikati ya watoto bila kuomba njia, akaweka mkono wake kando ya mkono wa yule mwanamke, akaitazama yote miwili kwa muda mrefu.

"Tuko sawa," alisema.

"Yego," mwanamke aliitikia. "Sawa kabisa. Mimi naitwa Shami."

Mama mmoja aliyekuwa akigawa maji alipita, akaona, akafurahi kwa moyo wake wote. "Madamu, mtoto yako iko mzuri! Amekufanana, sha, kama picha."

Shami alicheka. "Si wangu. Lakini ningeshukuru Mungu angekuwa wangu."

Mama ni mimi. Ndivyo Mukasine alivyotaka kusema. Angeonyesha nini? Mkono wake ulikuwa mweusi, unang'aa kama punje ya kahawa iliyokaangwa. Kwa mara ya kwanza tangu amzae, alihitaji ushahidi. Na Kanyange, mtoto wake, hakugeuka kusema, "Mama yangu ni yule pale."

Kisha likaja lililouma zaidi. Shami alimwinua mtoto, akamgeuza, akamkalisha mgongo ukielekea jua ili mwanga uangukie karatasi na si macho. Akampa kitabu chenye herufi kubwa. "Kilete karibu," alimwambia. "Karibu zaidi. Pua ikigusa, iache iguse. Sisi ndivyo tunavyosoma."

Sisi.

Kanyange akasoma. Neno, kisha neno, kisha mstari mzima, polepole, kwa sauti ambayo Mukasine hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Watoto walipiga makofi. Mukasine naye alipiga. Viganja vilikutana, lakini ndani yake kitu kilikuwa kimeshakatika, kama sindano inayovunjika na ncha yake kubaki ndani ya nguo. Huioni. Unaijua siku unapoivaa.

Akaivaa siku baada ya siku, kila Kanyange alipofungua mdomo kumtaja shangazi yake mpya.

Tantine Shami anasema nisikae mbele ya dirisha. Tantine Shami anasema nimwambie mwalimu aniweke dawati la mbele. Tantine Shami amekulia Uganda, na huko walimwita majina, na yeye akawa anawauliza kwa upole, "Wewe unaitwa nani?" Tantine Shami anakaa Remera. Tantine Shami anakula ndizi hivi, anacheka hivi, anafunga kitambaa hivi.

Mukasine alimpaka mtoto mafuta shingoni, akasikia jina hilo likitetemeka chini ya vidole vyake.

Aliona wivu. Aliona wivu asubuhi, kijiko kikiwa ndani ya uji. Aliona wivu mchana, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akishona mshono uliopinda na kuufumua. Aliwahi kuuonea wivu ujana wa wengine, na nyumba za wengine, lakini huo ulikuwa wivu wa kupita. Huu ulikuja na mkeka wake. Ulimwambia: yule ana ngozi yake, wewe una nini? Yule anaijua njia anayoipita mtoto, wewe ulikuwa unasimama tu upande wa jua. Ulimwambia hata hili, kwamba miaka yote hiyo, kwa upendo wote huo, yeye ndiye aliyekuwa akimnyang'anya kitabu.

Jumamosi zilizofuata alimpeleka, akamngoja getini, uso umegeukia barabarani. Ndipo Kanyange akaja mbio na habari: siku ya kufunga sherehe angesoma ukurasa mzima mbele ya watu wote. Tantine Shami amemchagua.

"Vizuri," alisema Mukasine.

Na siku ya kufunga ilipofika, alisema, "Wameahirisha. Wamenipigia simu."

Uongo ulitoka laini, kama uzi uliotiwa nta. Kanyange alikuwa ameshavaa gauni. Hakubisha. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya cherehani, mikono mapajani, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa anausoma ukurasa wake, ameshaukariri. Mukasine alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asiione ile midomo, ingawa cherehani haizibi macho.

Jua lilikuwa limepita utosini Shafiq aliporudi. Shafiq ni fundi wa baraza ileile, mtu wa kanzu nyeupe na maneno mengi, asiyejua kunong'ona.

"Mama Kanyange! Uko bado hapa? Natoka kule maktaba, watu iko wengi! Yule madamu anauliza, Kanyange iko wapi, Kanyange iko wapi."

Cherehani ikanyamaza.

Shafiq alimtazama mama, akamtazama mtoto. Akaingia ndani kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika.

Kanyange hakulia. Angelia, Mukasine angejua la kufanya, angembeba. Mtoto aliuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua:

"Mama, unanionea aibu?"

"Nini?"

"Watu wasinione. Ndiyo maana?"

Mukasine alihisi baraza inazama. Kumbe hivyo ndivyo ilivyoonekana kutoka kwenye kigoda kile! Kofia zote, kola zote, kivuli chote, na sasa uongo huu, mtoto alikuwa amevishona pamoja na kupata vazi moja: mama anaficha. Na neno la kumvua vazi hilo lilikuwa moja tu, baya, la kumvua mama nguo mbele ya mwanawe.

Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Si aibu. Sikiliza. Sijawahi kukuonea aibu, hata dakika moja. Ni wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa Shami. Unafanana naye. Anajua mambo yako ambayo mimi siyajui. Nikaogopa utaona yeye ndiye... nikasema uongo. Nimekosa, mwanangu. Nimekukosea sana."

Kanyange alimsogelea, uso kwa uso, karibu kama anavyosogelea kitabu, hadi pua zikagusana. Hivyo ndivyo alivyomwona mtu vizuri. Alimsoma mama yake kwa muda.

"Lakini mimi nafanana na wewe," alisema.

"Wapi?"

"Nikikasirika." Alivuta pumzi. "Na sasa nimekasirika sana."

Mukasine alicheka na kulia kwa sauti ileile moja. Alinyakua kitenge cha mteja, kikiwa bado hakijakatwa, akamfunika nacho mtoto kuanzia kichwani, wakatoka. Walipanda mteremko wakikimbia, mkono mkononi, vumbi likiwafuata, madereva wa pikipiki wakiwapigia honi. Mara mama alimvuta mtoto, mara mtoto alimvuta mama.

Walikuta mikeka inakunjwa. Vitabu vingine vilikuwa vimeshashushwa, watu wengi wameondoka. Shami alikuwa anafungua vibanio. Aliposikia sauti ya Kanyange, alisimama, na uso wake ukafunguka kiasi kwamba ile ncha ya sindano ilimchoma Mukasine upya.

"Nilimzuia mimi," Mukasine alisema kabla hajaulizwa. "Kwa makusudi."

Shami alitandika mkeka mmoja tena, akawaita waliobaki, akampa Kanyange kitabu, akarudi kusimama nyuma, kando ya Mukasine. Mtoto akaanza kusoma.

"Mama yangu alikuwa mwema," Shami alisema polepole, macho mbele. "Lakini wageni wakija, mimi nilikaa chumba cha nyuma. Harusi, nilikaa nyuma. Nilijifunza kusoma kwa mwanga wa chini ya mlango. Kila Jumamosi nikipita getini nakuona umesimama pale, unamngoja, watu wote wanaona kwamba ni wako. Nikirudi nyumbani nanuna jioni nzima."

"Unanuna kwa nini?"

"Kwa wivu, Mama Kanyange. Namwonea wivu mtoto mdogo. Hebu fikiria, mtu mzima kama mimi."

Mukasine alimtazama. Hakufarijika. Wivu wake ulikuwa pale pale, umekaa, haujakunja mkeka wake. Ila sasa haukuwa peke yake. Ulikuwa umepata jirani.

Walisimama hivyo, bega kwa bega, wanawake wawili wenye njaa ya mtoto mmoja, wakimsikiliza.

Kanyange alifika mwisho wa ukurasa. Makofi yalilia, machache, ya waliobaki. Aliinua uso kutoka kwenye kitabu, akaangaza mbele, na mbele yake, kama siku zote, watu wa mbali walikuwa rangi tu, ukungu juu ya ukungu. Alitafuta. Macho yalikwenda huku, yakarudi, hayakutua.

"Mama?" aliita. "Uko wapi?"

Shami alikuwa ameshavuta pumzi ya kujibu, kwa maana yeye alijua jinsi inavyokuwa kusimama ndani ya ukungu ule. Akaizuia. Akafunga mdomo, akangoja.

"Niko hapa," alisema Mukasine.

"Wapi?"

"Hapa, Kanyange. Ifuate sauti. Niko hapa."

Na mtoto akaja.